Mama Arudishe na Kopo ya Ubwari

Jina yake ya kweli ni Zainabu. Lakini ukifika Baraka, kando ya ziwa, ukauliza nyumba ya Zainabu, batakuonyesha ba-Zainabu ya kujaza mutumbwi muzima. Uliza kwa Mama Arudishe. Hapo hata mbuzi itakusindikiza.

Ni tantine yangu, mama mudogo, mi nisimucheke sana. Lakini jina alijitafutia yeye mwenyewe, na mikro mu mukono.

Ilikuwa arusi ya mutoto wa jirani. Sono inalia muziki, bamama bamevaa kitenge moja, bamekula bameshiba. MC akaita, "Sasa mama yetu Zainabu, mwenye alipika hii pilau, aje abariki bibi na bwana arusi!" Tantine akasimama. Akanyoosha kitenge. Akashika mikro kama muntu mwenye alizaliwa nayo.

"Mungu abape batoto."

"Amina!"

"Abape amani na maisha murefu."

"Amina!"

"Na ule mwenye alibeba bakuli yangu ya kifuniko ya kijani ku matanga ya juzi, niko namuona, ameikala pale karibu na sono. Arudishe."

Hakuna amina. Bantu bote benye balikuwa karibu na sono bakaanza kuhama, moja moja, kama kuko moshi. Bwana arusi alikuwa anaangalia viatu yake. Tantine akavuta pumuzi, akaongeza polepole, na sauti ya dua kabisa: "Arudishe. Na kifuniko yake."

Vainqueur, motard wa kwetu, anabebaka bantu na pikipiki, jirani mwenye hakosekanake fasi kuko kicheko, alikuwa anafilmer. Jioni video iko ku statut ya telefone ya kila muntu, tangu soko mpaka port. Kesho yake tantine anapita, batoto ya école banaimba kwa nyuma, "Arudisheee!" Kwa mambo ya bakuli, ilirudi. Kwanza zilirudi na zingine zenye hata hazikuwa zake, juu bantu balishikwa na woga. Alikaa wiki muzima anatembea nyumba kwa nyumba anatafuta benye bakuli.

Sasa mujue mbele ya kumucheka. Tantine haliliake bakuli juu ya uroho. Kwake ni hivi: chombo ikipotea, utachukua sachet ya plastiki. Ukichukua sachet, utatupa sachet. Na kutupa, ah, ile kitu haiingiake mu kichwa yake. Pubele, pipa ya takataka ya pale kwake, iko chômage. Haijapata kazi tangu ilizaliwa.

Ukiingia mu kiwanja yake, kitu ya kwanza utaona ni kamba ya kuanika. Nguo iko upande moja, sachets iko upande ingine. Zimeoshwa, zimebanwa na pince, nyeusi, buluu, zenye mistari. Upepo ya ziwa ikipiga, zinapepea kama bendera ya inchi zenye bado hazijapata uhuru. Vainqueur akipita na moto, ile pikipiki yake, anasimama, anapiga saluti.

Vumbi ya makala? Anachanganya na udongo na maji ya bugali, anafinyanga matonge, anaanika, anapikia. Ukoko ya bugali ni ya bata. Maganda ya ndizi ni ya mbuzi ya maman Adolphine, jirani wa nyuma ya uzio. Maji yenye aliosha samaki inaenda ku mboga ya lengalenga. Majivu inasugua sufuria. Na kitenge, we! Kitenge kwake inazaliwa nguo ya Idi, inakuwa nguo ya soko, inakuwa ya kubeba mutoto ku mugongo, inakuwa ya kushikia sufuria ya moto, inakuwa ya kupangusia miguu ku mulango. Ikikufa kabisa inawasha mbabula, jiko ya makala. Siku moja nilipangusa miguu, nikaangalia chini, nikaona maua yenye najua. Ilikuwa jupe yenye alivaa ku ubatizo ya mutoto wa Adolphine. Nilitaka hata kuisalimia.

Na usifungue kopo kwake na matumaini. Kopo ya biscuit iko na sindano. Kopo ya café iko na misumari. Chupa ya jus iko na mawese. Nilishajifunza, mi nanusaka kwanza.

Ku soko naye, leta kiti uikale. Muuzaji wa ndagala, zile samaki ndogondogo, anataka kufunga mu sachet nyeusi, tantine anasukuma kikapo yake mbele.

"Maman, sachet ni ya bure."

"Bure kwako. Ukinipa leo, mvua inaibeba mpaka ziwa. Mvuvi anaikokota mu wavu pamoja na samaki ya mukeke. Kesho unaniuzisha mukeke na sachet yako tena ndani ya tumbo. Weka mu kikapo."

"Eh, Mama Arudishe!"

"Njo mi. Ongeza kidogo."

Kitu moja tu inatokaka pale kwake bila kupigania: chakula. Ukimupelekea sahani ya kitu, sahani yako itarudi na kitu ndani. Ndimu, chumvi, pilipili, hata kama ni majani tatu ya muchaichai. Bantu ya kando ya ziwa bote banajua hii desturi, lakini yeye anaishika kama sala. Chombo ya mwenzako hairudi tupu, ni haya.

Basi. Mutoto wake Yasmina njo alikuwa anakufa na haya ingine.

Yasmina alipendana na Safari, kijana wa Ubwari, ngambo ya maji, ule mwenye anasafirisha samaki kuleta Baraka. Kijana muzuri, ana meno yote, anasalimia bazee. Familia yake ikasema itavuka na mutumbwi, inakuja kuposa. Na siku moja mbele, Safari akapiga telefone: "Chérie, jitayarishe vizuri. Baume ni kusema tu. Mwenye anaamua ni shangazi yangu Atosha. Na yule mama, chakula si kitu kwake. Anaangaliaka vyombo."

Yasmina alikata telefone, akageuka, akaangalia nyumba. Akaona kopo. Akaona chupa. Akaona bidon yenye imekatwa kuwa beseni, na beseni yenye imepasuka kuwa shamba ya kitunguu. Akaona bendera za sachets. Akaketi chini.

"Mama," alisema, "nitakosa bwana juu ya kopo."

"Kopo imekufanya nini?"

"Mama, yule shangazi anaangaliaka vyombo! Atasema huyu binti anatoka mu depo ya vyuma. Mama, nakuomba. Siku moja tu. Tuwe kama bantu."

"Sasa tuko nini?"

"Siku moja! Nitaleta sahani za kutupa, vikombe za kutupa, zote nyeupe, nyipya. Na we usiseme kitu. Usiseme 'arudishe'. Usiseme 'usitupe'. Safari akienda mi nitabaki hapa na wewe mpaka meno yangu itoke, na utaitia mu kopo!"

Tantine alimuangalia mutoto wake. Machozi ilikuwa kweli, haikuwa ya sinema. Akafungua pince moja, akashusha sachet ya kwanza ku kamba, akakunja. Halafu ingine. "Sitasema kitu," alisema. Ilimuuma, lakini alisema.

Siku yenyewe, Yasmina alikusanya kopo zote, chupa zote, vifuniko vyenye havina mama wala baba, akazijaza mu mufuko mukubwa ya bunga, akasukuma nyuma ya jiko. Akamuambia Vainqueur, "Bageni bakienda tu, unafunga ku moto, unaenda kutupa mbali. Mbali, unasikia? Fasi mama hawezi kufika na miguu."

"Ku Lulimba?"

"Hata kupita Lulimba!"

Bageni bakafika muchana, miguu imelowa maji ya ziwa. Bazee ya Ubwari mbele, Safari kati na shati yenye haipumui, na nyuma kabisa shangazi Atosha. Mama mufupi, mweusi tii, kitenge imefungwa imara, macho inapima kila kitu. Alikuwa amekumbatia kopo. Kopo kubwa ya maziwa ya unga, ya zamani sana. Rangi ilishatoka, imebonyea upande moja kama shavu ya muntu mwenye jino inamuuma, imefungwa waya ya kubebea. Ndani ndagala kavu za Ubwari, zinanukia mpaka ku barabara.

Akaiweka mu mikono ya Yasmina mwenyewe. "Shika, mwanangu. Ni ya kwetu."

"Asante, shangazi, asante sana," Yasmina anainama, anatabasamu. Alipoingia mu jiko tabasamu ikakufa. "Hata hawa nao na kopo!" Akamwanga ndagala mu sahani nyeupe ya kutupa. Kopo, na waya yake na shavu yake, ikaenda mu mufuko pamoja na zenzake.

Chakula ikaingia mu kiwanja. Bugali ya moto, sombe ya majani ya muhogo, mukeke na mchuzi. Na njo hapo sahani za kutupa zilianza kuonyesha tabia.

Bugali ya moto ikikaa juu ya karatasi, karatasi inachoka. Tonton Swedi, kaka wa tantine, mwenye alikuwa anaongoza mazungumuzo kwa upande wetu, aliinua sahani yake na heshima, anasema "karibuni bageni", sahani ikapinda kati kama kitabu, mukeke ikateleza ikaketi ku kanzu yake. Akaendelea kusema. Ni muntu wa adabu.

Halafu upepo ya ziwa ikafika, ile ya muchana. Vikombe vikaruka kwanza. Muzee moja wa Ubwari alimaliza kula, akaondoa mukono ku sahani juu ya kujikuna tu, sahani ikapanda, ikapita juu ya uzio, ikaenda kwa maman Adolphine. Mbuzi ya kule ikaitafuna. Ingine ikafuata. Mbuzi zote zikakusanyika ku uzio, zinaangalia juu, zinangojea.

Shangazi Atosha alikuwa ameshika sahani yake na mikono mbili. "Mwanangu," aliuliza Yasmina polepole, "nikiiachia inakimbia, nikiishika siwezi kula. Kwenu munafanyaka namna gani?"

Yasmina akataka ardhi imumeze.

Na tantine? Alikuwa ameikala kimya. Kila sahani inaruka, yeye anafumba macho. Kikombe inapasuka, anauma midomo. Alikuwa kama muntu anafunga Ramadani na bantu banachoma nyama mbele yake. Baume bakaanza mambo ya mahari, na bamama bakaachiwa kupumua. Tantine akasimama. "Naenda kuangalia maji."

Maji haikuwa nyuma ya jiko. Mufuko njo ilikuwa nyuma ya jiko.

Mbele mu kiwanja Tonton Swedi anasema, "Sisi tunapokea heshima yenu..." Ko! Akasimama. "Tunapokea heshima yenu na mikono..." Ko! Ko! Bazee bakaangaliana.

"Ni bajirani," Tonton alisema. "Banajenga."

Ko!

"Banajenga na siku ya leo?"

"Ni bantu ya bidii sana."

Mambo ya baume ikaisha vizuri. Bakaelewana, bakasoma dua, Safari akapata kupumua, bouton moja ya shati ikakimbia. Bazee bakavaa viatu. Yasmina alikuwa anacheka na meno yote. Shangazi Atosha akasimama, akakunguta kitenge.

"Haya, tuwahi mbele ziwa ichafuke. Muniletee kopo yangu."

Kicheko ya Yasmina ikabaki ku mudomo bila mwenyewe.

"Kopo... gani, shangazi?"

"Yenye nilitia mu mikono yako."

Shangazi Atosha akaikala tena, polepole, na ile namna yake ya kuikala ilitupa baridi.

"Maneno ya baume nimesikia," alisema. "Lakini kwetu, mu familia yetu, jibu ni ile kopo. Ililetwa kwa mama yangu, siku ya kumuposa. Ikaletwa kwangu. Inakuja na ndagala. Ikirudi na kitu ndani, hata chumvi, tumekuwa bandugu. Ikirudi tupu, tunasema asante kwa chakula, tunavuka. Isiporudi..." Akapandisha bega, basi.

"Yasmina!" Safari akasema. "Nilikuambia anaangaliaka vyombo!"

"Nilifikiri anataka vyombo nyipya!"

Vainqueur alikuwa ku mulango, anangojea mufuko yake. Mimi namujua, hawezi kujizuia hata ku matanga. Ikamutoka tu:

"Arudishe!"

Yasmina alikimbia nyuma ya jiko kama nyumba inaungua. Tulisikia mufuko inamwangwa, kopo zinagongana, chupa zinabingirika. Akarudi na mikono tupu, uso yote machozi. "Haiko. Mama, haiko! Vainqueur, ulishabeba?"

"Mi sijagusa kitu! Moto yangu hata haijawaka!"

Hapo Tonton Swedi, na mukeke yake bado ku kanzu, akageuka polepole kwa dada yake.

"Zainabu. Bale bajirani benye balikuwa banajenga..."

Tantine alikuwa amesimama ku kona ya jiko. Musumari mu mukono moja, jiwe mu ingine. Udongo mpaka ku kiwiko.

"Niliikuta mu mufuko," alisema. "Kopo kubwa kama ile! Na waya yake! Nikasema ni nani iko na roho ya kutupa hii? Mi sikujua ni ya nani. Niliahidi sitasema kitu, sikusema. Mikono tu njo ilishindwa."

Akaingia nyuma, akatoka nayo. Kopo ya Ubwari, ile yenye iliposa mama na mutoto. Ilikuwa imejaa udongo mweusi. Na kati, umesimama wima kama mugeni wa heshima, muti mudogo ya pilipili, na maua yake nyeupe.

Akaiweka mu mikono ya shangazi Atosha. Shangazi akainua. Udongo na maji zikamutiririka ku kitenge. Akageuza, akaangalia chini, akaingiza kidole mu tundu. Kidole ikapita.

"Umeitoboa."

"Nimeitoboa, dada. Maji ikikosa kutoka, mizizi inaoza." Halafu tantine akapiga magoti, mi sijawahi kumuona anapiga magoti mbele ya muntu. "Nihukumu mimi. Kosa ya kutoboa ni yangu. Usimuhukumu mutoto. Alitaka tu mumupende."

Yasmina alikuwa anashika mukono ya mulango. Safari alikuwa anamuangalia yeye, haangalie kopo.

Muzee moja wa Ubwari akakohoa. "Atosha. Ndani iko na kitu, ama haina?"

Shangazi akaangalia ndani, kama muntu anasoma maandiko madogo. "Iko."

"Basi maneno iko wapi?"

"Ngoja kwanza." Akagusa jani moja. Akanusa kidole. Akamuangalia tantine. "Kwa mama yangu ilirudi na sukari. Bakaimaliza mbele ya Idi. Kwangu ilirudi na mafuta. Bashemeji bakaikula njiani. Hii itaisha lini?"

"Ukinyeshea maji ya kuoshea samaki, haitaisha," tantine akasema, bado ku magoti.

"Ya samaki? Wapi! Maji ya kuoshea muchele."

"Muchele inaleta sisimizi."

"Samaki inaleta paka!"

"Paka unampa vichwa, anaenda."

"We unatupaka vichwa?"

"Mi?! Kutupa?!" Tantine akasimama. "Dada, njoo nikuonyeshe."

Na bakaenda nyuma ya jiko, mukono mu mukono, sisi tumebaki pale kama bantu ya picha. Tulikuwa tunasikia tu: "Na vumbi ya makala?" "Na udongo." "Na maji ya bugali?" "Njo hiyo!" Baume bakavua viatu tena. Safari akamuendea Yasmina, akamupatia kitambaa ya machozi. Yasmina alipenga makamasi, akataka kutupa ile kitambaa. Sauti ikatoka nyuma ya jiko, ya bamama mbili pamoja:

"USITUPE!"

Jua ilikuwa imeshuka njo bakatoka. Sasa kukawa shida ingine: kopo imekuwa shamba, shangazi atabeba ndani ya nini sombe yenye ilibaki? Yasmina akaleta sachet. Bamama bakamuangalia tu, akairudisha mwenyewe. Tantine akaingia mu nyumba. Akakaa. Akatoka na bakuli. Ile. Ya kifuniko ya kijani.

Mi nilisikia Vainqueur anavuta pumuzi. Ile bakuli hakuiazimaka tena tangu siku ya mikro, hata Tonton Swedi aliikosa siku ya sikukuu. Akaijaza sombe, akafunga kifuniko, akampa shangazi Atosha. Hakusema kitu. Tulimusindikiza mpaka ku maji, mutumbwi ikasukumwa, shangazi ameikala kati, bakuli ku magoti, kopo ya pilipili ku miguu. Tantine anapepea mukono, muzuri, kimya, tunasema tazama, amekuwa muntu mukubwa. Mutumbwi ikafika mbali. Akashindwa. Akaingia mu maji mpaka ku magoti, akaweka mikono ku mudomo:

"DADA! NA KIFUNIKO YAKE!"

Ilijibu kicheko toka ziwani.

Arusi ilifanyika. Yasmina anaishi Ubwari. Bakuli inavuka kila mara mutumbwi inakuja, haijavuka tupu hata siku moja: ndagala inakuja, ndimu inaenda, pilipili za ile muti zinakuja, sabuni inaenda. Kopo iko mbele ya mulango wa shangazi, na familia imesema mutoto mwingine akiposa, batabeba muti na kopo yake, basi. Na juzi Yasmina aliweka picha ku statut, anaonyesha kiwanja yake mupya. Anajidai, kitenge nyipya, pozi. Lakini kwa nyuma yake kuko kamba. Na ku kamba, nilikuza picha vizuri na vidole, sachets. Zimeoshwa. Zimebanwa na pince. Nimeshamutumia Vainqueur ile picha, amejibu na saluti.

Sasa ninyi, musijifanye kama kwenu ni salama. Mu nyumba yenu kuko muntu. Kuko kopo ya biscuit haina biscuit. Kuko nguo yako ya école inapangusa meza. Andika hapa chini: ni nani kwenu hatupake kitu, anafanya nini na ile kitu, na ni siku gani alikupatisha haya mbele ya bantu? Ukiweka na picha ya kamba, Vainqueur ataipigia saluti yeye mwenyewe. Na wewe mwenye umesoma mpaka hapa na uko na bakuli ya muntu mu nyumba, unajijua.